Matthias Erzberger, Raia Aliyetia Sahihi

Tarehe 11 Novemba 1918 Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilisimama. Mkataba wa kusimamisha vita ulitiwa sahihi ndani ya behewa la gari moshi, katika msitu wa Compiègne, Ufaransa. Aliyeongoza wajumbe wa Ujerumani hakuwa jenerali. Alikuwa raia, mbunge, jina lake Matthias Erzberger.

Majenerali walikuwa wapi? Wao ndio walioona kwamba vita vimewashinda, na mwezi Septemba 1918 ndio walioitaka serikali iombe vita visimame. Lakini kalamu wakamwachia raia! Baadaye ikaenezwa hadithi: eti jeshi halikushindwa, bali lilichomwa kisu mgongoni na wanasiasa. Uongo mtupu, lakini wengi waliumeza.

Erzberger alizaliwa mwaka 1875 katika kijiji cha Buttenhausen. Baba yake alikuwa fundi cherehani. Yeye alianza na kazi ya ualimu, na mwaka 1903 akaingia bungeni. Sisi wa huku tukumbuke na hili: mwaka 1905 na 1906, wakati wazee wetu wa kusini wanapigana vita vya Majimaji, yeye alikuwa akifichua bungeni kwao maovu ya watawala wa makoloni ya Kijerumani. Hakudai makoloni yawe huru, hapana. Lakini hakunyamaza.

Mwaka 1919, nchi ikiwa sasa jamhuri, akawa Waziri wa Fedha. Madeni ya vita yalikuwa mlima. Basi akabadili kodi: serikali kuu ikusanye yenyewe, na mwenye nacho kingi alipe zaidi. Hapo chuki ikazidi. Januari 1920 kijana mmoja alimpiga risasi, akamjeruhi begani. Alipona, na mwezi Machi akajiuzulu uwaziri.

Tarehe 26 Agosti 1921 alikuwa akitembea kwa miguu na mbunge mwenzake katika milima ya Msitu Mweusi. Maofisa wawili wa zamani wa jeshi wakamwua. Alikuwa na miaka 45. Wauaji walikimbilia nchi za nje, na Hitler alipotwaa madaraka mwaka 1933 wakasamehewa. Hukumu waliipata baada ya Vita ya Pili, mmoja mwaka 1947, wa pili mwaka 1950. Kufika mwisho wa mwaka 1952 wote wawili walikwisha kutoka gerezani.

Nyumba aliyozaliwa Erzberger sasa ni makumbusho.

Jadilianeni katika kikundi: kama sahihi ile ingekuwa ya jenerali, hadithi ya kisu mgongoni ingepata wa kuiamini?