Klachi ya Gari Dogo: Uchunguzi kabla ya Kushusha Giaboksi

Kijitabu hiki kimekusudiwa wenye magari madogo ya gia za mkono, pamoja na madereva wayaendeshao kwa ujira, na madhumuni yake ni kumwezesha mtu kuyatambua maradhi ya klachi yangali machanga, akiwa bado ameketi kwenye kiti chake, kabla hajaingia gereji na kuambiwa kwamba giaboksi haina budi kushushwa. Maana giaboksi ikishashushwa ujira umekwisha kuhesabiwa, fundi awe ameikuta ila huko ndani au hakuikuta. Na si mara chache ila yenyewe huwa ni waya uliolegea au upepo ulioingia katika mafuta, mambo ambayo mwenye spana mbili huyamaliza gari likiwa limesimama pale pale chini ya mwembe.

Kazi yake

Klachi hukaa baina ya injini na giaboksi. Nyuma ya injini pana gurudumu zito la chuma, yaani flaiwili, lizungukalo maadamu injini inawaka. Juu ya uso wake hubanwa diski nyembamba iliyovikwa utando wa kukwaruza pande zote mbili, na kinachoibana ni presha pleti yenye springi ya nguvu. Dereva akikanyaga pedali, beringi ya klachi huikandamiza springi, presha pleti ikaachia, na diski, ambayo ndiyo iushikayo mhimili wa giaboksi, ikabaki huru, gia zikaingia bila ya kusagana. Akiinua mguu, diski hushikwa tena. Na katika kitambo kile kifupi ambacho diski na flaiwili zinazunguka kwa mwendo usiolingana, huzaliwa moto. Gari linapoondoka kwa utaratibu moto huo ni haba na hupoa upesi. Lakini dereva aliyezoea kulizuia gari mlimani kwa klachi badala ya breki, kama waonekanavyo wengi katika mpando wa kutokea kivuko cha Likoni, foleni ikisogea hatua mbili na kusimama, huyo anaupika utando wa diski kwa mguu wake mwenyewe. Kadhalika yule aifanyaye pedali kuwa pahali pa kupumzishia mguu wa kushoto, ambaye huilazimisha beringi kufanya kazi safari nzima. Na kwa maoni yetu hao wawili ndio wanaowatajirisha wauza spea kuliko barabara mbovu.

Klachi inayoteleza

Dalili ya kwanza hudhihirika mlimani, gari likiwa na mzigo na gia ikiwa ya juu: dereva huongeza mafuta, injini ikapanda kwa kelele, ilhali mwendo wa gari haupandi. Baadaye hufuata harufu, mithili ya kitambaa kilichoungua kwa pasi. Atakaye yakini na asimame mahali tambarare pasipo mtu mbele yake, avute breki ya mkono kwa nguvu, atie gia ya tatu, aongeze mafuta kidogo, kisha aiachie klachi taratibu. Injini ikizimika, klachi ingali na nguvu. Ikiendelea kunguruma kana kwamba haikutiwa gia, inateleza. Jaribio hili lifanywe mara moja tu, kwani kulirudia ni kuongeza maradhi.

Hata hapo hukumu ya kushusha giaboksi haijapita. Katika magari yatumiayo waya, pedali sharti iwe na mchezo, yaani ile nafasi ya mwanzo ambamo inashuka pasipo uzito wowote. Na diski inavyolika ndivyo mchezo huo unavyopungua, hata waya ukawa umeivuta springi wakati wote, klachi ikateleza kwa kubanwa nusu. Katika Volkswagen ya zamani, ile ya kobe, mchezo wa sawa ni milimita 10 hadi 20 kwenye pedali, na hurekebishwa kwa nati ya masikio iliyo mwisho wa waya, upande wa kushoto wa giaboksi. Mchezo ukiwa sawa na klachi ingali ikiteleza, basi ama diski imelika, ama springi imechoka, ama mafuta ya injini au ya giaboksi yamepenya kwenye sili na kuulowanisha utando. Na hayo hayatibiki kwa nje.

Klachi isiyokata

Hii ni kinyume cha ile: pedali imekanyagwa hadi chini, lakini diski haiachii. Gia husaga, hususa ya kurudi nyuma. Injini ikiwa inanguruma polepole, kanyaga pedali, ngoja kama sekunde tano, kisha tia gia ya nyuma. Ikilia kwa kusagana, klachi haikati. Hapa ndipo wenye magari wengi hutozwa bure, kwa sababu aghalabu ila iko nje ya giaboksi.

Gari likiwa la waya, tazama kwanza kama mchezo umezidi, na kama nyuzi za waya zimeanza kukatika mmoja mmoja karibu na ncha. Likiwa la klachi isukumwayo kwa mafuta, yenye masta ya juu kwenye pedali na masta ya chini kwenye giaboksi, kanyaga pedali mara tatu kwa haraka: ikipata nguvu kwa kukanyagwa hivyo, umo upepo ndani, au masta imechoka. Funua zulia lililo chini ya pedali upapase. Unyevu unaoteremka kutoka kwenye kijiti cha pedali ni wa masta ya juu. Kisha ingia chini ya gari uinue mpira wa masta ya chini kwa ncha ya bisibisi. Yakichuruzika mafuta meusi yenye vipande vya mpira, umempata mwizi. Aidha baadhi ya magari huchota mafuta ya klachi na ya breki katika kikopo kimoja, na mwenye gari la namna hiyo asiliendeshe kabla ya kuuziba uvujaji.

Kutoa upepo huhitaji watu wawili. Mmoja hukanyaga pedali na kuishikilia. Wa pili hulegeza nipeli ya masta ya chini, iliyovishwa mpira mwembamba uliozama katika chupa yenye mafuta, kisha huikaza kabla pedali haijaachiwa. Hufanya hivyo hata mapovu yaishe, wakiongeza mafuta juu ili kikopo kisikauke. Mafuta ni yale yaliyoandikwa kwenye kifuniko, kama DOT 3, si ya injini kamwe, kwani oili huvimbisha mipira yote ya masta; na yakidondokea rangi ya gari yaoshwe kwa maji mara moja.

Liko jambo jingine la pwani. Gari lililolala miezi katika hewa ya bahari huweza kushikwa na kutu, diski ikagandamana na flaiwili. Hilo si ugonjwa wa spea, na fundi mwenye subira huweza kuinasua bighairi ya kununua kitu.

Sauti na mtetemo

Mlio unaotokea pedali ikikanyagwa ni wa beringi ya klachi. Ule utokeao mguu ukiwa juu na kunyamaza pedali ikikanyagwa, aghalabu ni wa beringi ya mhimili ndani ya giaboksi, na klachi mpya haitauponya. Gari likitetemeka wakati wa kuondoka, zitazamwe maunti za injini kabla ya kuituhumu diski.

Ikiwa hapana budi

Gari liegemezwe juu ya vigingi vya chuma, si juu ya jeki peke yake, na waya wa betri utolewe. Katika Volkswagen ya kobe ni injini ndiyo itolewayo, nayo imeshikwa kwa bolti nne tu. Vumbi la diski lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu, kwa kuwa diski za zamani zilitiwa asbestosi, idhuruyo mapafu. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji. Mwenye gari na aombe kuiona diski kwa macho yake: vichwa vya ribiti vikiwa vimebakisha chini ya milimita 0.3 kuufikia uso wa utando, imekwisha. Diski, presha pleti na beringi zibadilishwe pamoja, kwani ujira wa kushusha hauzidi kwa kubadili tatu, na sili inayovuja ibadilishwe papo hapo. Diski iwekwe katikati kwa mhimili wa giaboksi kuukuu au kijiti cha kusawazishia, na bolti za presha pleti zikazwe kidogo kidogo kwa kukingamana.

Kwa kilomita 500 za mwanzo gari liendeshwe pasipo pupa wala mizigo mizito; na likiwa la waya, mchezo wa pedali upimwe tena, kwani utando mpya ukishakaa mahali pake mchezo hupungua, na ukiisha kabisa klachi mpya itateleza ilhali haina kosa lolote.