Mstari Mchangani: Kujizoeza Gofu Kabla ya Kulipia Ndoo

Kutoka Nyakabere mpaka Uvira mjini hutakuta kile kiwanja ambapo mtu analipia ndoo ya mipira ya gofu, anasimama kwenye mkeka wa plastiki na kuipiga mmoja mmoja kuelekea vibao vya mita. Viwanja vya aina hiyo viko Kigali, au Nairobi pale Golf Park, ndani ya uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Vijana huniuliza kama wangoje mpaka wapate safari. Wasingoje. Severiano Ballesteros, mtoto wa familia ya wakulima wa Pedreña, Uhispania, alijifunzia ufukweni kwa fimbo moja, chuma namba 3. Mwaka 1978 alikuja Nairobi akashinda Kenya Open, na mwaka uliofuata akatwaa ubingwa wa The Open huko Uingereza. Mchanga na sisi tunao.

Hatua ya 1: Fimbo moja, mipira kumi

Tafuta chuma namba 7, hata kama ni mtumba na mpini wake umechakaa. Namba 3 ni ngumu kwa anayeanza. Sheria inaruhusu fimbo 14 mkobani, lakini mkono unaojifunza hauhitaji 14. Mipira kumi inatosha, kwa sababu utaifuata kwa miguu, na katika kuifuata huko ndipo utapata nafasi ya kufikiri.

Hatua ya 2: Mahali na saa

Tangu Ziwa Tanganyika lilipopanda 2024, ufuko umekuwa mwembamba sehemu nyingi. Chagua kipande kisicho na watu, mbali na mama wanaoanika ndagala na mbali na mitumbwi. Mpira wa gofu una uzito wa karibu gramu 46 tu, lakini ukimpata mtoto kichwani unaweza kumuua. Piga sambamba na maji, usipige kuelekea ziwani, maana hapo utamaliza mipira yote siku ya kwanza. Subiri jua lipande kwanza, na jioni ondoka mapema: giza ni saa ya viboko kutoka majini kwenda malishoni. Mpira ulioingia kwenye matete uhesabu umepotea.

Hatua ya 3: Chora mstari

Hapa ndipo nataka ukae muda mrefu kuliko pengine pote. Simama kwenye mchanga mbichi ulioshikana, ule ambao ukikanyaga unaacha unyayo safi. Ule mkavu wa juu unameza fimbo. Chora mstari kwa kidole, ukianzia kati ya miguu yako kwenda mbele yako, kama urefu wa hatua moja. Sasa piga bila mpira, kana kwamba mpira umekaa juu ya mstari, kisha inama utazame alama.

Alama iliyoanzia kwenye mstari na kwenda mbele, upande unaolenga, ni nzuri. Ikianzia nyuma ya mstari, umekwangua ardhi kabla ya kufika kwenye mpira, na mara nyingi sababu ni uzito kubaki mguu wa nyuma. Anayetumia mkono wa kulia amalize akiwa amesimama juu ya mguu wa kushoto, kisigino cha kulia kikiwa hewani. Futa, sogea, piga tena. Shika mpini kama mvuvi anavyoshika kasia: usiuachie, lakini vidole visife ganzi. Mimi nilikaa juma zima sijaweka mpira, na alama zikaanza kutua mahali pamoja, moja baada ya nyingine kama nyayo za mtu mmoja.

Mkeka wa plastiki hauwezi kukupa hilo. Fimbo ikigonga nyuma ya mpira, inateleza juu ya plastiki na mpira unaruka vizuri tu, nawe unajipongeza. Mchanga unakuonyesha kosa lako pale pale.

Hatua ya 4: Weka mpira

Anza na nusu ya nguvu. Kila mpira upe shabaha yake: mtumbwi uliopinduliwa, kisiki, jiwe. Simama nyuma ya mpira uione njia kabla ya kujipanga. Hesabu hatua mpaka ulipoangukia, uandike daftarini, pamoja na upepo. Mchana mara nyingi unavuma kutoka ziwani kwenda milimani, nao utausukuma mpira wako upande.

Hatua ya 5: Siku ya ndoo

Mara ya kwanza nilipolipia ndoo niliimaliza haraka haraka, fimbo ndefu tupu, nikatoka na malengelenge mawili na bila kujifunza kitu. Usifanye hivyo, pesa yako ina uchungu.

Igawe ndoo. Mipira michache ya mwanzo ni ya kupasha mwili, nusu mpigo. Kisha nusu ya ndoo iende kwenye mapigo mafupi, ya mita 20 hadi 60, kwa sababu karibu na shimo ndiko mchezo unakoamuliwa. Katika uwanja wa mashimo 18 wenye kipimo cha mapigo 72, 36 yamehesabiwa kuwa ya kusukuma mpira ukiwa tayari umefika penye shimo. Kama kuna kipande cha nyasi fupi cha kusukumia mpira, kaa hapo mpaka wakufukuze.

Mipira inayobaki, cheza nayo kama uko uwanjani: badilisha fimbo na shabaha kila pigo, maana uwanjani hakuna anayerudia pigo lile lile mara ishirini. Umbali unaoonyeshwa na vibao usiuamini sana, kwani mipira ya ndoo mara nyingi imechoka na hairuki kama mipya. Unachokitafuta pale ni kitu ambacho ufuko wetu hauna: nafasi ya kuona mpira ukiruka mpaka mwisho, unapinda wapi, na unapinda vipi. Andika kila kitu.

Ukirudi Uvira, fungua daftari ukurasa huo, shuka ufukweni, uchore mstari.