Mwanachama Asiyeona Naye Asome Hesabu za Kikundi

SOMO LA VIKUNDI VYA KUJISAIDIA

Lengo: Baada ya somo hili wanakikundi wataweza (a) kueleza jinsi mtu asiyeona anavyotumia kompyuta, (b) kuchagua programu za ofisini zisizowagharimu pesa, na (c) kutayarisha karatasi za kikundi ambazo kila mwanachama anaweza kuzisoma.

Muda: Saa moja na nusu.



Karibu kila kikundi, kiwe Kaloleni, Jericho, Umoja, Kayole au huko mashambani, kina daftari tatu: la kumbukumbu za mikutano, la michango na la mikopo. Mwisho wa mwezi mweka hazina husoma hesabu, watu wakapiga makofi, wakasaini. Je, mwenzetu asiyeona anasaini nini? Anaambiwa, "Weka kidole hapa," naye anaweka. Labda hesabu ni sawa kabisa, lakini yeye hana njia ya kujua. Anachanga sawa na wengine, ila wengine wanasoma na yeye anaamini tu.

Na siku ya uchaguzi? Jina lake halitajwi kwa ukatibu wala kwa hazina. Watu husema, "Huyo tumwachie maombi." Wanasema kwa huruma, lakini huruma ya namna hiyo humnyima mtu nafasi yake. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na haki ya kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo. Tuone kifaa kimoja ambacho leo kinapatikana hata kwa kikundi kidogo.

1. KOMPYUTA INAYOSEMA

Mtu asiyeona hahitaji kompyuta ya aina ya pekee. Anahitaji kompyuta ya kawaida yenye kisoma-skrini, yaani programu inayosoma kwa sauti yale yaliyoandikwa kwenye kioo. Hatumii mausi. Anatumia vitufe, na kila anapobonyeza anasikia amefika wapi.

Zamani jambo hili lilikuwa la matajiri. Programu iitwayo JAWS ilitoka Marekani mwaka 1989. Aliyeianzisha, Ted Henter, alipoteza macho katika ajali ya gari mwaka 1978. Ni programu nzuri, na maofisi mengi bado yanaitumia. Lakini kwa miaka mingi bei yake ilikuwa karibu dola elfu moja, mara nyingi kuliko bei ya kompyuta yenyewe. Kikundi cha kuchanga shilingi mia mbili kwa wiki kingeipata wapi?

Mwaka 2006 kijana mmoja wa Australia asiyeona, Michael Curran, alianza kutengeneza nyingine iitwayo NVDA. Rafiki yake James Teh, ambaye pia haoni, akajiunga naye, na mwaka 2007 wakaunda shirika la NV Access. Walikusudia kwamba asiyeona asilipe zaidi ya anayeona ili atumie kompyuta ile ile. NVDA hutolewa bure, na mwenye uwezo huombwa tu kuchangia. Ndani yake kuna sauti inayoweza kusoma Kiswahili. Sauti hiyo ni ya mashine, si tamu kama ya mtangazaji wa redio, lakini sikio huizoea.

2. PROGRAMU ZA OFISINI

Kisoma-skrini peke yake hakiandiki barua. Kikundi kinahitaji programu ya kuandika na ya hesabu.

• Kama kompyuta yenu tayari ina Word na Excel zilizolipiwa, zitumieni. NVDA inaelewana nazo vizuri sana.

• Kama hamna, wekeni LibreOffice. Ilianza mwaka 2010, ni bure kabisa, na inaweza kufungua mafaili ya Word na Excel. Sehemu ya kuandika huitwa Writer, na ya hesabu huitwa Calc. NVDA inazisoma zote mbili, ingawa hapa na pale haisomi kwa ulaini kama katika Word. Kwa kumbukumbu za mkutano na daftari la michango, zinatosha.

Onyo: Msikubali fundi awawekee kopi ya wizi ya programu za bei. Kopi hizo mara nyingi huja na virusi, na siku zikikataa kufunguka hesabu za kikundi zinabaki ndani. Tena hakuna sababu ya kuiba wakati ipo ya halali isiyolipiwa. Hata JAWS, bila leseni, hufanya kazi kwa dakika 40 tu, kisha lazima kompyuta izimwe na kuwashwa tena.

3. JINSI YA KUANZA

Hatua ya kwanza: Mwulizeni mwenyewe. Bwana Yesu alipomwita Bartimayo hakukisia. Alimwuliza kwanza anataka afanyiwe nini. Labda mwenzenu anajua tayari kutumia simu inayosema. Labda anasoma breli. Anzeni na anachokijua.

Hatua ya pili: Mkinunua kompyuta iliyotumika, ulizeni kama ina Windows 10 au 11. NVDA mpya haziingii katika Windows 7. Nunueni pia spika ndogo za masikioni, ili asikie vizuri na siri za kikundi zisisikike nje.

Hatua ya tatu: Pakueni NVDA kutoka kwa wenyewe, nvaccess.org. Inaanza kusema wakati wa kuwekwa, kwa hivyo asiyeona anaweza kuiweka mwenyewe. Inaweza pia kuwekwa kwenye flashi, akaenda nayo hata kwenye saiba, mwenye saiba akikubali.

Hatua ya nne: Ajifunze vitufe vichache kwanza. Control, Alt na N pamoja huiwasha. Control peke yake huinyamazisha. Insert na T husema jina la dirisha alilomo. Insert na mshale wa chini husoma kuanzia alipo mpaka mwisho. Insert na Q huifunga. Wiki ya kwanza hayo yanatosha.

4. MFANO: DAFTARI LA MICHANGO

Tuseme kikundi kina watu 20, kila mmoja anachanga shilingi 200. Fungueni Calc au Excel. Safu A andikeni majina, safu B michango, kuanzia mstari wa 2 mpaka wa 21. Kwenye B22 andikeni =SUM(B2:B21).

Mweka hazina asiyeona anashuka na mshale. Kila hatua anasikia kiasi na mahali pake, kwa mfano "200, B5". Akifika B22 anatarajia 4,000. Akisikia 3,400 anajua 600 hazipo, yaani watu watatu hawakuandikwa. Anapanda tena polepole. Penye nafasi tupu anasikia mahali tu, bila kiasi. Anabonyeza mshale wa kushoto na kusikia jina la mwenyewe. Hapo hakuhitaji kuazima macho ya mtu. Na kama si mweka hazina bali mwanachama wa kawaida, anaweza kukagua hivyo hivyo kabla ya kusaini.

5. KAZI YA SISI TUNAOONA

Programu nzuri haisaidii kama karatasi zenyewe hazisomeki. Mambo manne:

• Picha ya daftari iliyotumwa kwa WhatsApp haisomeki kama maandishi. Andikeni maneno yenyewe, au tumeni faili.

• Vichwa vya habari visiwe herufi nene tu. Tumieni mtindo wa kichwa uliomo ndani ya Word au Writer, ili msomaji aruke kutoka kichwa hadi kichwa.

• Jedwali liwe rahisi: kila kitu katika chumba chake, bila kuunganisha vyumba.

• Msitumie rangi peke yake. Ukipaka nyekundu wanaodaiwa, andika pia neno "anadaiwa".

Maandiko (Walawi 19) yanakataza kumwekea kikwazo asiyeona. Siku hizi kikwazo chaweza kuwa faili tulilolitengeneza kwa haraka.

6. PESA ITUMIKE WAPI?

Kwa kuwa programu hazinunuliwi, pesa ziende kwenye mafunzo. Hapa ndipo vikundi vingi hukosea: wanaleta kompyuta, wanapiga picha, halafu hakuna anayekaa na mtu wiki nane akijifunza vitufe. Ulizeni mafunzo kwa shirika la Kenya Society for the Blind, Nairobi, lililoundwa kwa sheria mwaka 1956. Kuhusu vifaa, ulizeni Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo lina hazina ya maendeleo. Pia msisahau vijana waliosoma Thika, katika shule ya wasioona iliyoanzishwa mwaka 1946, ambako shirika la inABLE lilianza mafunzo ya kompyuta mwaka 2009. Huenda mmoja wao anaishi mtaani kwenu bila kazi, na anaweza kuwa mwalimu wenu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu, nani anasaini asichoweza kukisoma? (Fikirieni pia wazee ambao macho yao yamefifia.)
2. Tangu kikundi kianze, mtu asiyeona ameshika cheo gani? Kama hajashika, sababu ni nini hasa?
3. Karatasi zetu za mwezi uliopita zingesomeka kwa kisoma-skrini?

KAZI YA KUFANYA

Kabla ya mkutano ujao, katibu aandike upya hesabu za mwezi mmoja kama tulivyoonyesha katika sehemu ya 4. Mwanachama asiyeona azisome mwenyewe mbele ya wote, kisha aseme kama anakubali au hakubali. Hata akikataa kusaini, somo litakuwa limefaulu.