Amana ya Mjumbe: Mafunzo Kutoka Wajir

Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, darsa yetu ya mara hii ni juu ya amana anayoibeba mtu anapochaguliwa kuwasemea wenziwe. Mfano tutakaoutazama hatukuutoa Baghdad wala Misri. Ni wa nchi yetu wenyewe, katika uliokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, ambao mji wake mkuu ulikuwa Garissa.

Wengi wetu huku pwani twaijua nchi hiyo kwa mifugo yake na jua lake tu. Hatukumbuki kuwa watu wake waliishi chini ya sheria za hali ya hatari tangu mwisho wa mwaka 1963 hata mwaka 1991. Wala hatukumbuki kuwa sheria ya mwaka 1970, iliyowakinga watumishi wa Serikali wasishitakiwe kwa waliyoyatenda wakati wa vita vya shifta, ilizihusu pia Tana River na Lamu. Basi jambo la Wajir si geni kwetu kama tunavyodhani.

Katika Februari 1984, wanaume wa kabila ya Degodia walikusanywa mjini Wajir na vijijini, wakapelekwa kwenye kiwanja cha ndege cha Wagalla kwa khabari ya kutakwa silaha. Walivuliwa nguo, wakawekwa juani siku kadhaa bila ya maji wala chakula. Wako waliokufa kwa kiu, na wako waliopigwa risasi. Serikali ilisema waliokufa ni 57.

Mjumbe wa Wajir Magharibi katika Bunge siku hizo alikuwa Ahmed Khalif. Yatupasa tuzikumbuke siku zenyewe. Chama kilikuwa kimoja kwa amri ya sheria tangu mwaka 1982, na mtu kutiwa kizuizini bila ya hukumu lilikuwa jambo lijulikanalo. Mjumbe aliyenyamaza hakuna ambaye angemlaumu waziwazi. Lakini Khalif alisimama Bungeni mwaka ule ule wa 1984, akaeleza yaliyotendeka Wagalla, na akasema waliouawa ni zaidi ya 300.

Huenda mtu akauliza: Ilifaa nini kusema, na hali wafu hawafufuki na wauaji hawakushitakiwa? Jawabu ni kwamba ushahidi ni deni. Anayeujua kisha akauficha amewadhulumu wafu mara ya pili, kwani wamekwisha nyimwa uhai, naye awanyima hata hesabu. Na neno la haki likishatamkwa huwa halipotei, hata likikawia. Mwaka 2000 Serikali yenyewe ilikiri idadi ya 380. Mwaka 2011 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilifika Garissa na Wajir kuwasikiliza wajane na walionusurika, na katika ripoti yake ya mwaka 2013 ikasema kuwa huenda waliokufa wakakaribia 1,000. Tazama basi, ndugu msomaji, ni ipi iliyokuwa karibu na ukweli: hesabu ya wenye nguvu au hesabu ya mjumbe mmoja?

Khalif alipata pia kuwa Katibu Mkuu wa Baraza Kuu la Waislamu wa Kenya. Katika uchaguzi wa Desemba 2002 alichaguliwa tena, na Januari 2003 akafanywa Waziri wa Kazi. Hakukaa katika cheo hicho hata mwezi mmoja. Tarehe 24 Januari 2003 ndege iliyowachukua mawaziri ilianguka Busia ilipokuwa ikiondoka, akafa yeye na marubani wawili. Rabbi amrehemu.

Hatusemi kuwa mtu huyu hakuwa na kosa; hakuna mwanasiasa wa namna hiyo, wala si kazi yetu kuwatakasa watu. Tunalolitazama ni kwamba uwaziri aliupata kwa siku chache na hakuna anayemtaja kwa huo. Anatajwa kwa siku moja aliyosema Bungeni.

Basi zingatieni mambo matatu. Kwanza, mtu anapokuja kutaka kura, msimpime kwa mchele na kanga alizogawa, bali kwa aliyoyasema siku ambayo kusema kulikuwa na khatari. Pili, mjumbe akisema haki, msimwache peke yake, kwa maana woga wa wapiga kura ndio unaowafunga vinywa wajumbe. Tatu, yanayowapata watu wenu yaandikeni, majina na tarehe, mzee kwa kijana, kabla ya walioyaona hawajaondoka duniani. Kwani kama wafu wa Wagalla wasingehesabiwa na jamaa zao, hapana shaka hata leo wangehesabiwa 57.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.