Kazi Hurithishwa kwa Mkono

Wazee wengi wa Mbinga wanung'unika kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu. Kijana huajiriwa kuchuma kahawa. Huchuma mbichi pamoja na mbivu, huvunja matawi, na jioni hudai fedha yake. Lawama hiyo si ya bure. Lakini yatupasa kuuliza: nani alimfundisha?

Tutazame ngoro, mashimo yale ya Wamatengo yaliyoshikilia udongo wa milimani kwa zaidi ya miaka 100. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza katika miraba. Wanawake huchimba udongo wa katikati na kuzifukia. Juu ya matuta hupandwa maharage, kisha mahindi. Maji ya mvua hutua shimoni badala ya kubeba udongo mpaka bondeni. Ufundi huu kijana aliushika akilima pamoja na wazazi wake. Na jioni penye sengu, ukoo ulipokula pamoja, babu alimweleza sababu ya kila jambo, akamsifu au akamkanya.

Siku hizi sengu imefifia. Watoto wako shuleni, na kazi nyingi za shamba hufanywa kwa ujira. Kijana apandaye milimani kutoka Mbamba Bay au Liuli, aliyezoea kuvua dagaa kwa taa usiku kucha, hawezi kuitwa mvivu. Kahawa ni ngeni kwake, basi. Kwa hiyo mwenye shamba ashike mambo matatu.

Kwanza, aonyeshe. Achume naye asubuhi ya kwanza, amweleze kwamba tunda bichi huharibu ladha ya kahawa yote, na tawi lililovunjika halizai mwakani.

Pili, apime kwa haki. Alipaye kwa debe pasipo kukagua amemfundisha kijana kujaza debe. Debe la mbivu tupu lipewe bei ya juu, na jambo hilo lisemwe kabla ya kazi kuanza.

Tatu, alipe siku aliyoahidi. Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alihesabu kumnyima mtu ujira wake kuwa kosa kubwa mno.

Nanyi vijana, mkionyeshwa, shikeni. Aliyefundishwa vema akaharibu kwa makusudi hana wa kumsingizia. Na mzee aliyekaa kivulini akilaumu, hajatimiza wajibu wake bado: ashuke shambani.