Tunaiita Dawa, Lakini ni Sumu
Mambo 7 yanayosemwa majumbani kuhusu wadudu na panya

Asubuhi tunampa mtoto dawa ya kikohozi. Jioni tunapuliza dawa ya mende. Jina ni moja, kazi ni mbili: ya kwanza huponya, ya pili huua. Kwa sababu tunaiita dawa, tunaizoea. Tunaiweka kabati moja na chumvi, tunaongeza kipimo, tunalala chumba kilichopulizwa dakika chache zilizopita. Humu tutaiita kwa jina lake, sumu, na tutapitia yale yanayosemwa sana na ukweli wake.

1. "Inayonuka sana ndiyo yenye nguvu"

Ukweli: Harufu haipimi nguvu. Mara nyingi kinachonuka ni mafuta ya kuyeyushia au manukato yaliyoongezwa. Kuchanganya sumu mbili, au kuleta chumbani ile ya kupulizia nyanya shambani, hakuongezi ushindi. Kunaongeza hatari kwa wanaolala humo.

Fanya hivi: Soma kibandiko. Tanzania Bara, viuatilifu husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA). Tazama pia mstari wa rangi ulio chini ya kibandiko: nyekundu ni sumu kali sana, kisha njano, bluu na kijani. Usinunue kamwe sumu iliyomiminwa kwenye chupa ya maji au soda. Mtoto mwenye kiu hasomi, anakunywa.

2. "Nimepuliza, mende wamekwisha"

Ukweli: Umeua waliokuwa wazi. Mende jike mdogo wa jikoni hubeba nyuma ya mwili wake kifuko cha kahawia, kidogo kama punje nene ya mchele. Ndani mna mayai kama 30 hadi 40, na sumu ya kupuliza haikipenyi kirahisi. Baada ya wiki chache watoto huanguliwa, nawe unaanza upya.

Fanya hivi: Wanyime chakula, maji na maficho. Osha vyombo kabla ya kulala, funika pipa la taka, kausha sinki, ziba nyufa nyuma ya kabati. Kisha tumia chambo cha mende kwenye pembe wanazopita, mbali na mikono ya watoto. Kazi hii ina faida nyingine: kinyesi na magamba ya mende huchochea pumu, hasa kwa watoto.

3. "Kunguni ni wa nyumba chafu, na dawa yake ni jua"

Ukweli: Kunguni hatafuti uchafu, anatafuta damu. Huingia nyumba yoyote kwa begi la safari, kochi la mtumba au godoro la kununua kwa mtu. Aibu ndiyo inayomlinda, maana mwenye nyumba huficha tatizo mpaka limefika vyumba vyote. Kung'atwa kunawasha na kunakosesha usingizi, ila hakujathibitika kwamba kunguni huambukiza watu magonjwa kwa kuwang'ata.

Kuanika godoro hupasha moto upande wa juu tu. Kunguni huhamia upande wenye kivuli. Kuhama chumba nako hakusaidii, kwani kunguni mkubwa huweza kukaa miezi bila kula. Na mafuta ya taa yanayomwagwa kwenye chaga hugeuza kitanda kuwa kuni zinazosubiri njiti.

Fanya hivi: Chukua tochi usiku na kadi ngumu. Pitisha kadi polepole kwenye mshono wa godoro. Utaona vidoa vyeusi kama vya kalamu, ambavyo ni kinyesi chao, na vijiyai vyeupe vilivyonata. Fungua kitanda, mwagia maji yanayochemka kwenye viungo vya mbao, chemsha au fua shuka na chandarua cha kawaida kwa maji ya moto, piga pasi mishono. Chandarua chenye dawa usikichemshe. Rudia baada ya wiki 1 hadi 2, mayai yaliyobaki yakishaanguliwa.

4. "Ukifyeka nyasi, mbu wataisha"

Ukweli: Mbu hupumzika kwenye nyasi, lakini huzaliwa majini. Mbu wa homa ya dengue, mwenye madoa meupe miguuni, hung'ata mchana na hupenda maji masafi yaliyotulia: pipa la akiba, tairi bovu, kifuu cha nazi, sahani ya chungu cha maua. Dengue ililipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, na mji ule haukosi mapipa ya akiba.

Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Mbu huyu hutaga kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hustahimili ukavu kwa miezi. Ukijaza tena, yanaanguliwa.

Fanya hivi: Mara moja kwa wiki mwaga, sugua kuta za pipa kwa brashi, kisha lifunike barabara. Usiku endelea kulala ndani ya chandarua chenye dawa, kwa sababu mbu wa malaria hung'ata usiku.

5. "Sumu hii panya akila anakwenda kufia nje"

Ukweli: Panya hufa alipojificha, iwe darini au ndani ya ukuta. Sumu nyingi za panya zilizosajiliwa huzuia damu isigande, na panya hufa baada ya siku kadhaa. Ile inayouzwa mkononi bila kibandiko, ikisifiwa kuua papo hapo, iogope: hujui mna nini ndani, na daktari hatajua atibu nini.

Tena, panya akifa viroboto wake humwacha na kutafuta mwili mwingine. Wilayani Lushoto, ambako tauni, inayoenezwa na viroboto hao, ilijitokeza kuanzia mwaka 1980, somo hili lilikuwa la uhai na kifo.

Fanya hivi: Ziba kila tundu linaloingiza penseli, hifadhi nafaka kwenye chombo chenye mfuniko, tumia mtego. Usimshike panya aliyekufa kwa mkono mtupu. Kinyesi chake kiloweshe kwanza kwa maji yenye dawa ya madoa, kisha kifute, usikifagie kikavu.

6. "Naftalini hutunza nguo za mtoto"

Ukweli: Vidonge hivi vyeupe ni sumu ya kuvuta. Watoto wengine huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali isiyo ngeni katika nchi zenye malaria. Mtoto mchanga wa aina hiyo akivalishwa nguo zilizokaa na naftalini, chembe nyekundu za damu yake huweza kupasuka, akapata manjano makali.

Fanya hivi: Nguo za mtoto zifuliwe, zikaushwe kabisa, zifungwe kwenye mfuko safi. Usiziweke na naftalini.

7. "Aliyekunywa sumu apewe maziwa"

Ukweli: Maziwa hayaondoi sumu, yanapoteza muda. Kumtapisha ni hatari zaidi: mafuta ya taa yakipanda tena huingia mapafuni.

Fanya hivi: Usimpe chochote, usimtapishe. Sumu ikiwa kwenye ngozi, mvue nguo umwoshe kwa maji mengi na sabuni. Ikiwa machoni, mwagia maji safi kwa dakika 15. Mkimbize hospitali, na ubebe chupa au pakiti yenyewe. Daktari akisoma kibandiko, atajua pa kuanzia.

Ndugu msomaji, kabla hujalala leo, zunguka nyumba yako mara moja. Tafuta kila chupa ya sumu, iwe chini ya sinki, uvunguni au dirishani. Isiyo na kibandiko itenge mbali na watoto, usiimwage mtaroni, na umuulize afisa afya wa kata namna ya kuiteketeza. Yenye kibandiko iweke juu, ifungiwe, mbali na chakula. Kisha waambie wote wa nyumbani, pamoja na dada wa kazi, kwamba hiyo si dawa.