Majina ya watoaji yasomwe kanisani?

SWALI: Kanisani kwetu Ubwari, kila anayewachangia wakimbizi husomwa jina na kiasi alichotoa. Je, ni dhambi?

JIBU: Kutajwa si dhambi. Yesu, katika Mathayo 6, anamkemea anayetoa ili atajwe, na nia hiyo hata mchungaji hawezi kuipima.

Hesabu, hata hivyo, lazima itangazwe. Paulo alipowachangishia maskini wa Yerusalemu (2 Wakorintho 8), alitaka ndugu wengine wausindikize mchango, asije akashukiwa. Basi isomwe jumla, na unga wa muhogo ulionunuliwa. Majina yabaki kwenye daftari la mweka hazina. Mama aliyeleta bakuli la ndagala asione haya mbele ya mwenye duka aliyetoa dola.

Anayesahaulika zaidi ni mpokeaji, naye pia huona haya. Warundi walipokimbilia huko kwenu Fizi mwaka 2015, kuna waliopokewa majumbani mwa wenyeji, si katika kambi ya Lusenda tu. Na wenyeji hao wanaujua ukimbizi: vita vya 1996 viliwavusha wengi ziwa hadi Kigoma, wakaishi katika kambi ya Nyarugusu. Aliyewahi kupanga foleni ya mgao kule, leo anampiga mwenzake picha akipokea sabuni ili iweje?